Kabla hujanunua chipu ya ADC: betri mbili za mteja wangu zilikufa huku skrini inaonyesha zina chaji

#1 fundi_saketi (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza achukue ADC gani, na jibu la kwanza huwa lilelile: chukua ya biti 16, achana na hizo za biti 10. Nililifuata jibu hilo kwa miaka, na lilinifikisha pabaya. Naomba nieleze kwa kirefu, maana naona vijana wengi wanatumia hela kwenye biti wakati tatizo lao liko kwingine kabisa.

Kwa wageni wa mambo haya, ADC ni saketi inayopima volti na kuitoa kama namba ambayo programu inaweza kuisoma. Ya biti 10 inagawa kipimo chake katika hatua 1,024, ya biti 12 hatua 4,096, ya biti 16 hatua 65,536. Bodi ndogo za kuprogramu kama Arduino Uno, ESP32 na Raspberry Pi Pico zinayo ndani yake. Raspberry Pi zile kubwa hazina kabisa, ndiyo maana watu wa Pi hukimbilia chipu ya ADC ya nje kama MCP3008.

Sasa kisa chenyewe. Mteja wangu ana banda la kuku nje kidogo ya Morogoro, na sola yenye betri mbili za 12V, 100Ah kila moja, zimeungwa sambamba. Alitaka vitu viwili: apate SMS ya hali ya betri kila baada ya saa mbili, na mzigo, yaani taa na vinginevyo vinavyotumia betri, ukatwe wenyewe betri zikishuka chini ya 11.8V. Toleo la kwanza nilitumia ADC ya Uno, ya biti 10. Vipimo vikawa vinaruka. Nikasema dawa ni biti. Nikaagiza MCP3208, chipu ya biti 12 yenye njia 8, nikaiunga kwa SPI, yaani waya za mawasiliano kati ya chipu na bodi. Namba zikatulia kidogo, desimali zikaongezeka, mteja akafurahi, nikalipwa.

Miezi mitatu baadaye ananipigia: taa zinazimika saa nne usiku, lakini SMS zinasema betri ziko 12.3V. Nikaenda. Nikaweka mita kwenye betri, nikakuta 11.6V. Skrini ya kifaa changu, hapohapo, inasema 12.34.

Nilikaa pale bandani karibu saa nzima. Nikapima kigawanya volti, zile rezista mbili zinazopunguza volti ya betri kabla haijaingia kwenye chipu, kizima. Nikapima waya, wazima. Mwisho nikahamisha mita kwenye laini ya 5V inayolisha saketi nzima. Inasoma 5.02. Nikasubiri. Kile kitaa kidogo cha modemu ya SIM800L, inayotuma SMS, kikaanza kupepesa haraka ikitafuta mtandao, na mita ikaanza kuchezacheza: 4.8, 4.7, 4.9, 4.7. Hapo nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, na nikajisikia vibaya sana.

MCP3208 ina pini ya 15 inayoitwa VREF. Hiyo ndiyo rula ya chipu. Chipu haijui volti ni nini. Inajua tu kwamba kinachoingia ni sehemu fulani ya kile kilichoko VREF. Mimi VREF niliiunga moja kwa moja kwenye 5V. Programu yangu ilikuwa inaamsha modemu kwanza, kisha inapima, kisha inatuma. Modemu ikiamka huvuta mkondo kwa mishindo inayofika ampia 2, laini inashuka hadi 4.7V, rula inafupika, na kitu kilekile kinaonekana kirefu zaidi. Pigeni hesabu: 11.6 mara 5 gawanya kwa 4.7 ni 12.34. Ndiyo namba iliyokuwa kwenye skrini.

Kwa hiyo mzigo haukukatwa hata siku moja katika miezi mitatu. Betri za asidi hazivumilii kumalizwa kila usiku namna hiyo. Zilikuwa zimekwisha, na nilizilipia mimi.

Biti 12 hazikunisaidia kitu. Hata ningeweka 24, zingenipa uongo uleule ukiwa na desimali nyingi.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa chipu yoyote ni hili: rifarensi yake, yaani volti inayoitumia kama rula, inatoka wapi? Biti zinafuata baadaye sana.

Ukiwa na chipu isiyo na rifarensi ndani, kama MCP3008 na MCP3208, iwekee rifarensi yake yenyewe. LM4040 ya 4.096V, kijichipu cha kutoa volti isiyobadilika, inafaa sana, na ina raha moja: kwa biti 12, hatua moja inakuwa milivolti 1 kamili, hesabu unafanya kichwani. Kama huna hela au huna pa kuagiza, fungua pawasaplai yoyote mbovu ya TV au kompyuta, karibu na optokapla (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga) utakuta TL431, nayo ni ya rifarensi. Hiyo inatoa 2.495V. Si ya daraja la juu, lakini ukiipima mara moja kwa mita nzuri na kuandika namba halisi kwenye programu, inatulia kuliko laini yoyote ya 5V ya USB. Uno nayo ina rifarensi ya ndani ya 1.1V. Kiwandani inaruhusiwa kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo usiiamini namba iliyoandikwa. Ipime, iandike, halafu itumie. Baada ya hapo haitakusumbua.

Pa pili ni rezista za kigawanya volti. Hapa watu wengi wanaumia bila kujua. Mfano una 30k juu na 10k chini, unagawa kwa 4. Ukitumia rezista za asilimia 5, zile zenye mstari wa dhahabu, moja ikizidi thamani yake na nyingine ikipungua, kosa linafika asilimia 7.5. Kwenye betri ya 12.6V hiyo ni karibu volti nzima! Na betri ya asidi ya 12V, kutoka kujaa mpaka kuisha, inatembea ndani ya takriban volti hiyohiyo moja. Yaani kosa lako ni kubwa kama kitu chote unachotaka kupima. Nunua za asilimia 1, zile za bluu, halafu bado linganisha na mita na uweke marekebisho kwenye programu.

Ukishamaliza hayo mawili ndipo uhesabu biti. Na mara nyingi utagundua ulizonazo zinatosha. Nitoe mfano wa mashine ya kutotolesha, maana wengi humu wanatengeneza. Thamista (rezista inayobadilika na joto) ya 10k yenye beta 3950, namba inayoonyesha inavyobadilika, ikiwa kwenye nyuzi 37.5, ina takriban 5.9k. Iunge na rezista ya 10k kutoka 5V, na ADC ya Uno itumie 5V ileile kama rifarensi. Kila nyuzi moja inakupa karibu hatua 10. Maana yake hatua moja ni sehemu ya kumi ya nyuzi. Kwa mayai ya kuku unataka nini zaidi? Na angalieni: hapa kutumia 5V kama rifarensi si kosa, kwa sababu thamista nayo inalishwa na 5V hiyohiyo. Laini ikishuka, kipimo na rula vinashuka pamoja, uwiano unabaki palepale. Ni vivyo hivyo kwa potenshometa, rezista ya kuzungusha kwa mkono. Kosa langu la Morogoro lilikuwa kwamba betri haikushuka pamoja na rula.

Kuhusu aina za ADC, mbili ndizo utakazokutana nazo sana. Ya kwanza inaitwa SAR. Inafanya kazi kama muuzaji wa mizani ya mawe: anaweka jiwe kubwa, likizidi analitoa, anaweka la nusu yake, likibaki analiacha, anaenda la robo, mpaka mizani isawazike. Biti 12, mawe 12. Ni ya haraka: MCP3208 ikilishwa 5V inafika sampuli, yaani vipimo, 100,000 kwa sekunde. ADC za Uno, ESP32 na Pico zote ni za aina hii. Ya pili ni delta-sigma, inayopima mara nyingi mno kwa ndani na kutoa wastani uliochujwa. Ni ya polepole lakini tulivu. ADS1115 ya Texas Instruments iko kundi hili: biti 16, njia 4, inawasiliana na bodi kwa I2C (waya mbili), kuanzia sampuli 8 mpaka 860 kwa sekunde, na rifarensi yake iko ndani. MCP3421 ya Microchip nayo: biti 18, lakini kwa biti hizo zote inakupa sampuli 3.75 tu kwa sekunde.

Kwa betri, joto, kina cha maji kwenye tangi na unyevu wa udongo, vitu hivi havikimbii. Chukua delta-sigma. Kwa sauti, mtetemo au mkondo wa umeme wa 230V unaobadilika mara 50 kwa sekunde, nenda SAR. Nimeona mtu ameweka ADS1115 kwenye sensa ya mkondo ya SCT-013. Kwa 860 unapata sampuli 17 kwa kila mzunguko mmoja wa umeme. Kwa pasi au hita inatosha kukadiria. Lakini ukitaka kupima mkondo na volti pamoja ili upate wati za kweli, haitaweza, kwa sababu njia zake 4 zinapokezana ADC moja. Ukitumia njia mbili, kila moja inabaki na nusu ya kasi, na hazipimwi kwa wakati mmoja.

Kwenye droo yangu leo kuna chipu tatu tu: ADS1115 kwa kazi nyingi, MCP3208 kwa kazi za kasi (ipo ya miguu ya DIP, inakaa kwenye bredibodi bila shida), na HX711 kwa mizani. Banda la Morogoro sasa linatumia ADS1115, na programu inapima kabla ya kuamsha modemu.

Karibuni kwa maswali, na penye kosa nisahihishwe.

---

#2 sola_nyumbani

Mkuu asante sana kwa uzi huu, umenigusa palepale. Mimi natumia ESP32 kusoma betri na kutuma kwa Wi-Fi. ADC yake imeandikwa biti 12 lakini namba hazieleweki. Chini ya volti 0.1 inasoma sifuri, na juu karibu na 3.3 inagota kabla haijafika. Halafu pini niliyokuwa natumia, GPIO 25, Wi-Fi ikiwaka inakataa kabisa kusoma. Nimeshanunua moduli ya ADS1115 sokoni, je niiunge moja kwa moja?

---

#3 fundi_saketi

Mkuu, hayo yote uliyoyaona ni tabia ya ESP32 yenyewe, hujakosea popote. ESP32 ina ADC mbili ndani, ADC1 na ADC2. GPIO 25 iko kwenye ADC2, na ADC2 inatumiwa na Wi-Fi. Pini za ADC1 ni 32 hadi 39, hizo zinafanya kazi Wi-Fi ikiwa hewani. Kuhusu ncha mbili za kipimo, mstari wake unapinda huko. Ukibaki katikati, tuseme kati ya 0.2V na 2.4V, na ukitumia marekebisho ya kiwandani yaliyomo kwenye chipu, utapata vipimo vya kukubalika. Kwa betri, hata hivyo, ADS1115 itakupa usingizi.

Kabla ya kuunga angalia mambo mawili. Moduli ilishe 3.3V, usiilishe 5V. Zile rezista za kuvuta I2C juu zilizoko kwenye moduli zimeungwa kwenye laini inayoilisha, kwa hiyo ukiilisha 5V unapeleka 5V kwenye pini za ESP32, na hizo ni za 3.3V. La pili, ukishailisha 3.3V, kinachoingia kwenye A0 hadi A3 kisizidi 3.3V, hata kama umechagua kipimo cha ±4.096V. Kipimo hicho ni namna chipu inavyohesabu tu. Hakiipi ruhusa ya kupokea volti zaidi ya inayolishwa. Wengi wamechoma chipu hapo. Tumia 47k juu na 10k chini: betri ikifika 15V wakati wa kuchaji, utaona 2.63V kwenye pini. Weka na kapasita ya 100nF kutoka kwenye pini hiyo kwenda graundi.

---

#4 mzani_nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Boss, nauliza kuhusu HX711, ile ADC ya mizani. Nimetengeneza mizani ya kupimia maziwa kwa kikundi chetu cha wafugaji, lodiseli (sensa ya uzito) moja ya kilo 50. Chipu ni ya biti 24, nilitarajia inione mpaka gramu moja. Lakini namba zinacheza gramu 20, 30, na kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana sifuri inahama yenyewe. Nilinunua moduli nyingine nikidhani ni mbovu, shida ni ileile. Sasa wazee wanaanza kuuliza kama mizani inawaibia.

---

#5 fundi_saketi

Ndugu yangu wa Nairobi, hili la wazee kuuliza ndilo zito, kwa hiyo tulifanye taratibu.

Lodiseli ya 2mV kwa kila volti inayolishwa, ukiilisha 5V, inatoa milivolti 10 ikiwa imebeba kilo zote 50. Milivolti 10! Gramu moja ni sehemu ya 50,000 ya hizo, yaani mikrovolti 0.2. Waya tu ukishikwa na mkono wenye joto unaweza kuzaa zaidi ya hapo pale shaba inapokutana na metali nyingine. Biti 24 ni hatua zaidi ya milioni 16, lakini kadhaa za mwisho zimejaa kelele. Kwenye datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ya ADC yoyote kubwa, usiangalie biti zilizoandikwa ukurasa wa kwanza. Tafuta jedwali la biti zisizo na kelele. Hizo ndizo unazonunua kweli.

Kucheza kwa gramu 20 au 30 kunaweza kupungua. Hakikisha moduli iko kwenye kasi ya sampuli 10 kwa sekunde wala si 80; pini ya 15 ya chipu iwe imeungwa graundi. Kwenye kasi hiyo HX711 inazuia kelele za umeme wa 50Hz. Waya nne za lodiseli zisokote pamoja, ziwe fupi, zipite mbali na waya wa umeme mkubwa. Chukua sampuli 10, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, wastanisha zilizobaki.

Sifuri kuhama ni joto la mchana kwenye chuma cha lodiseli na kwenye saketi. Chipu hata uibadilishe mara tano haitaondoka. Weka kitufe cha sifuri, na programu ijisawazishe yenyewe kila mara mzani ukiwa mtupu na umetulia. Kivulini panasaidia sana. Na kwa maziwa, onyesha hatua za gramu 50 au hata 100. Mzee akiona namba imesimama ataiamini. Akiona inachezacheza hataiamini hata ikiwa sahihi. Weka pia jiwe la kilo 5 lililothibitishwa pembeni, kila asubuhi mlipime mbele ya wote.

---

#6 binti_wa_saketi

Habari kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa diploma ya elektroniki. Chuoni tunafundishwa ADC0804, chipu ya kizamani, na mwalimu anataka tuitumie kwenye mradi wa mwisho. Marafiki zangu wananiambia nimezeeka kabla ya wakati. Je, nimwombe mwalimu anibadilishie?

---

#7 fundi_saketi

Mdogo wangu, usibadilishe. Itumie, na uielewe mpaka ndani.

ADC0804 ni ya biti 8, hatua 256, kwa 5V kila hatua ni kama milivolti 19.5. Kwa bidhaa ya kuuza leo hutaichagua, inakula pini 8 za data peke yake. Lakini kwa kujifunza sijaona iliyo wazi kama hiyo. Unaweka rezista ya 10k na kapasita ya 150pF, saa yake, yaani mapigo yanayoiongoza, inazaliwa mbele yako. Unashusha pini ya WR, unaiachia, unasubiri kama mikrosekunde 100, pini ya INTR inashuka yenyewe kukuambia tayari. Weka LED 8 kwenye pini za data, zungusha potenshometa polepole, utaziona biti zikihesabu. Kwenye ADS1115 yote hayo yamefichwa nyuma ya mstari mmoja wa programu.

Ina pia pini ya VREF/2, ya kuipa rifarensi yako mwenyewe. Mwambie mwalimu unataka sehemu moja ya mradi ionyeshe kipimo kinavyobadilika rifarensi ikibadilika. Nadhani atafurahi.

---

#8 mzee_wa_vipimo

Nimesoma kimya kimya tangu juzi. Uzi mzuri, kijana wangu, ila umeacha aina moja ambayo iko mkononi mwa kila fundi anayesoma hapa. Mita zetu za kawaida, zile za njano za bei ndogo, zina ADC ya miteremko miwili. Baba yao ni ICL7106 ya Intersil. Kapasita inachajiwa kwa volti unayopima kwa muda maalumu, kisha inamwagwa kwa rifarensi, na chipu inahesabu muda wa kumwaga. Ubora wa kapasita na wa saa unajikata wenyewe kwenye hesabu, kinachobaki ni rifarensi. Ndiyo maana mita ya bei ya chai inaweza kuwa sahihi kuliko ADC ya kompyuta. Na ukiweka saa ya 40kHz, muda wa kuchaji unakuwa milisekunde 100, mizunguko mitano kamili ya umeme wa 50Hz, kelele za umeme zinajifuta.

---

#9 fundi_saketi

Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa kunikumbusha, na kweli nilipaswa kuanza nayo. Hilo la mizunguko kamili ni muhimu hata kwa wanaotumia Uno. Ukichukua sampuli zako zikaenea sawasawa kwenye milisekunde 20, au 40, au 100, kisha ukawastanisha, mvumo wa 50Hz unapungua sana hata bila kuongeza kapasita moja. Watu huchukua sampuli 10 kwa mpigo ndani ya milisekunde moja wakidhani wamechuja. Wamepiga picha kumi za sehemu ileile ya wimbi.

---

#10 mzee_wa_vipimo

Marahaba. Hapo umesema.

---

#11 sola_nyumbani

Wakuu nimerudi. Nimeunga ADS1115 kama mlivyosema. Saketi ya ESP32 imetulia vizuri. Ila nimejaribu na bodi yangu nyingine ya Uno ya 5V, kigawanya 30k na 10k, kipimo cha ±4.096V, nikachapisha namba ghafi moja kwa moja kwa moduli hiyohiyo:

25104
25120
25104
25088
25104
25120

Mita inasema betri 12.55V. Hesabu yangu inakubaliana. Lakini mbona inaruka kwa 16 kila mara? Sijaona hata mara moja 25105 au 25110. Hiyo ni kelele?

---

#12 fundi_saketi

Mkuu, asante kwa kuleta namba ghafi, maana bila hizo nisingeweza kukuambia.

Gawanya kila moja kwa 16: 1569, 1570, 1569, 1568. Hakuna baki. Kelele ya kawaida haichagui namba zinazogawanyika kwa 16. Biti nne za mwisho ziko sifuri daima, na hiyo ni alama ya ADS1015, ndugu yake wa biti 12. Wanafanana mpaka anwani na rejista, ila ADS1015 inasukuma biti zake 12 upande wa kushoto wa namba ya biti 16 na kuacha nne tupu. Moduli yako imeandikwa ADS1115 lakini kilichomo si hicho.

Unaweza kuthibitisha kwa kasi pia. Iache kwenye mpangilio inaoamka nao, iagize kipimo kimoja kimoja na upime inachukua muda gani. ADS1115 inaamka kwenye sampuli 128 kwa sekunde, kwa hiyo kipimo kimoja ni karibu milisekunde 8. ADS1015 inaamka kwenye 1,600, itakujibu chini ya milisekunde moja.

Usiitupe. Hatua moja kwako ni milivolti 2 kwenye pini, yaani milivolti 8 kwenye betri, na 25104 inakupa 12.552V. Kwa kukata mzigo kwenye 11.8V inatosha kabisa, na rifarensi yake ya ndani iko palepale. Ila programu yako ikiwa na muda wa kusubiri uliopangwa kwa ADS1115 iache hivyo hivyo, haina madhara. Na ukirudi dukani beba hizo namba sita umwonyeshe muuzaji, huenda naye kauziwa hivyo hivyo bila kujua.

---

#13 sola_nyumbani

Nimepima muda. Haifiki milisekunde moja. Kesho asubuhi naenda dukani na karatasi.